Nimenunua Miwani Nisimwone Mjukuu Wangu

Mpendwa Bi Wahida,

Salamu zangu zikufikie huko Jeddah pamoja na wote wa nyumba yako. Naomba unisaidie, na unisaidie upesi, kwa sababu kabla mwezi huu haujaisha natakiwa nimjibu kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, neno moja tu, nabaki au naenda. Mimi ni mama Mkenya, mjane, nyumbani ni Butere, nafanya kazi za ndani hapa Al-Suwaidi, Riyadh, na majibu yako huwa nayasoma kwenye simu kwa sababu dereva wetu Laban hunitumia picha ya ukurasa wako gazeti likitoka. Nikikueleza shida yangu usicheke, na kama ni lazima ucheke, basi cheka kwanza halafu unijibu.

Shida yangu ni macho. Siyo kwamba sioni, naona vizuri sana, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Nyumba ninayofanyia kazi ni ya watu wazuri, sitawasingizia, nilipokuja walikuwa na mtoto mmoja, Saif, nimemlea tangu anatambaa mpaka sasa anakimbia na kuvunja vyombo, na mwaka huu madam akajifungua msichana, wakamwita Lina, na mama yake madam, ambaye sisi wote tunamwita Mama Kabira, akaja kukaa naye mpaka arobaini iishe. Siku waliyotoka hospitali niliitwa kushika taulo wakati wa kumwogesha, na walipomfunua, Bi Wahida, nilisahau kwamba nina wali motoni, maana nimezaa na nimeona watoto wa watu lakini sijui kwa nini siku ile nilimwona mtoto kana kwamba sijawahi kuona mtoto, ngozi ilikuwa nyembamba mpaka kope zinaonyesha mishipa, mabega yana vinyweleo laini ambavyo ukipuliza vinalala, kwenye mikunjo ya mapaja bado kuna ule utando mweupe aliotoka nao tumboni, na pua ndogo ile imejaa vitone vyeupe kama punje za sukari. Mdomo ukatangulia akili. Nikasema kwa Kiarabu changu cha jikoni, "Jild helu, wajid helu," yaani ngozi nzuri, nzuri sana, nikaishia hapo. Sikusema mashallah. Mimi ni Mkristo, lakini hilo neno nalijua na kwa kawaida nalisema, kwa sababu hapa ukisifu mtoto bila kulisema ni kama umemwekea mkono mchafu. Siku hiyo nililisahau, na nilimwona Mama Kabira akiniangalia.

Asubuhi yake mtoto akaamka na madoa. Yalikuwa mekundu, mapana, kifuani, tumboni, mgongoni, na katikati ya kila doa kuna kichwa kidogo cheupe, ungedhani amelala bila neti kando ya mto. Hakuwa na joto, hakuwa analia, alikuwa ananyonya kama kawaida, lakini ile ngozi niliyoisifu ilikuwa imeharibika yote. Mama Kabira akaja jikoni.

"Enti, wewe, jana ulisema mashallah?"

"La, mama. Nilisahau."

"Taal."

Nikamfuata. Akaleta beseni, akaniambia ninawe uso, mikono mpaka viwiko, magoti, vidole vya miguu, na maji yote yaangukie humo humo, hata tone lisipotee, kisha akalichukua lile beseni kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba chakula cha wageni, akaenda akammwagia Lina yale maji kutoka nyuma ya kichwa. Mimi nilisimama mlangoni nimekinga shavu, kwa sababu hadithi za wasichana wa kwetu hapa Saudia nimezisikia na nilijua kofi linakuja. Halikuja. Kesho yake mchana nikaitwa nitazame kwa mbali, na nakuapia, ngozi ilikuwa imerudi safi kama ile ya kwanza, mashallah, sasa nalisema hata nikiandika.

Mama Kabira akanipa kichupa cha mafuta ya udi, akanishika bega. "Mafi zaal, binti yangu," akasema, maana yake hana hasira na mimi. "Jicho halitoki kwa adui peke yake. Linatoka hata kwa anayependa. Si kosa lako, ndivyo ulivyoumbwa." Bi Wahida, wangenipiga ningekataa, ningesema ni uongo, ningempigia ajenti, ningelia na kunyamaza na moyo wangu ungebaki mweupe. Lakini huyu mama alinisamehe, na mimi sijawahi kuona mtu akisamehewa jambo ambalo hakulifanya. Ndipo nikaamini.

Tangu siku hiyo nikitaka kuingia chumbani napaswa kugonga, na nikigonga nasikia madam akimfunika Lina uso kwa kitambaa ndipo aniambie niingie, kwa upole kabisa, "Yalla, ingia." Nafua nguo zake, napiga pasi soksi ambazo haziwezi kuingia hata kidole gumba changu, na sijui sasa anafanana na nani. Siku hizi hata kabla hawajamfunika mimi mwenyewe nageukia ukutani.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa. Nyumbani tulikuwa na shangazi yangu, dada yake baba, aliyeitwa Rispah, ambaye kijiji kizima kilisema ana jicho. Alienda kumwona mtoto wa jirani, mtoto akatoka vipele, akaenda kwa mwingine, ikawa vile vile, na tangu hapo akionekana njiani akina mama walikuwa wanawatupia watoto shuka usoni. Hakuolewa, hakuzaa, na kwenye karamu alikuwa anakaa karibu na lango akipewa sahani yake ya kando. Mama yangu aliniambia bila kuficha kwamba shangazi hakuwahi kunibeba nikiwa mchanga, hata siku moja, na alizikwa hajabeba mtoto yeyote wa ndugu zake. Na watu walisema jicho hufuata damu, shangazi akifa linamtafuta binti wa kaka yake. Nilikuwa nimeisahau hiyo habari miaka yote mpaka Mama Kabira alipoleta beseni.

Na sasa binti yangu Pauline, ambaye ni mmoja tu niliyejaliwa, amejifungua mtoto wa kiume, akampa jina la baba yake marehemu, Elphas, yaani jina la mume wangu. Akanitumia picha kwenye simu siku ile ile. Mimi simu yangu nimeiseti isifungue picha yenyewe, kwa hiyo nikaona tu ukungu na alama ya kubonyeza, na sikubonyeza. Nikamwambia Pauline intaneti ni mbaya. Akatuma nyingine, nikasema simu imeharibika kioo. Akatuma nyingine, akaandika, "Mama, huulizi hata anafanana na nani?" Nililia hapo kwenye mashine ya kufulia. Ijumaa moja wenye nyumba wakaenda istiraha, nyumba ya mapumziko nje ya mji, huku kukawa kutupu, moyo ukanishinda, nikazibonyeza zote. Ana paji la uso la mume wangu, Bi Wahida. Lile lile, pana, lenye mkunjo mmoja katikati kama mtu anayepiga hesabu. Puani ana zile punje za sukari kama alizokuwa nazo Lina, na kwenye picha ya mwisho shavu lina wekundu na vidoadoa, nikadhani amelalia blanketi. Nilimtazama mpaka chaji ikakaribia kuisha, nikasema ni mzuri, na nikasahau tena kumtaja Mungu.

Siku mbili baadaye Pauline akatuma sauti yake, anasema uso wa mtoto umejaa vipele, mashavu yote, paji lote, na kichwani anatoka magamba ya manjano. Nikamwuliza tangu lini, akasema yamezidi tangu Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku iliyofuata ile Ijumaa yangu. Kumbe hata bahari hailizuii.

Baba, yaani kafili, ameniuliza kama nataka tiketi au niendelee miaka miwili mingine. Nataka kwenda nyumbani mpaka nasikia harufu yake, lakini nimefikiria niseme naendelea, ili Elphas akue ngozi iwe ngumu kabla sijamfikia. Tena nimemwagiza Laban aninunulie miwani myeusi, kama nikilazimika kwenda, niwe naivaa ndani ya nyumba. Aliniletea akacheka, "Mathe, sasa wewe ni msupa wa airport," yaani mrembo. Sikuweza kumwambia ni ya nini.

Naomba uniambie ukweli, jicho hili lina dawa? Na kama halina, nibaki?

Ni mimi, Mama Pauline (si jina lake halisi), Riyadh.

*

JIBU LA BI WAHIDA

Mama Pauline, sikucheka. Nilikaribia kucheka ulipofika kwenye miwani, kisha nikamwita mume wangu Jabir anisomee mistari iliyobaki kwa sababu machozi yalinifanya nisione. Sasa nimeshajifuta uso na nimekasirika kidogo, kwa hiyo nivumilie.

Kwa wasioijua kazi yangu ya zamani, mimi nilikuwa mkunga. Wazazi wangu walinileta Jeddah kutoka Unguja ningali nabebwa, nikasomea hapa, na umri wangu wote wa kazi umekwisha kwenye wodi za wazazi za mji huu, nikipokea watoto wa Kisaudi, wa Kiyemeni, wa Kisudani, wa Kihabeshi na wa Kiswahili. Nimeshika ngozi mpya mara nyingi kuliko nilivyoshika fedha. Kwa hiyo katika jambo hili usinibishie.

Nakujibu kwanza kama Mwislamu, nisije nikakudanganya. Sisi tumefundishwa kwamba jicho lipo, na sitamkana Mama Kabira kwa hilo, wala sitamtukana. Mama aliyekukosea kisha akakupa mafuta ya udi si mtu mbaya, na ungeangukia nyumba nyingine ungejuta. Lakini jicho kuwepo ni jambo moja, na kila kipele kuwa jicho ni jambo jingine. Jua lipo, lakini ukiungua mkono jikoni usilishitaki jua.

Yale madoa mekundu yenye kichwa cheupe nayajua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. Huwatoka watoto wengi mno, karibu nusu yao, wenye afya kamili, walioshiba na waliozaliwa kwa wakati. Huja siku ya pili au ya tatu. Huhama, asubuhi huwa kifuani, jioni huwa mgongoni, kisha huondoka yenyewe baada ya siku chache, bila dawa, bila kovu, bila kuaga. Mama Kabira angemwogesha mjukuu wake kwa maji uliyonawa wewe, au kwa maji aliyonawa paka wa jirani, au asingemwogesha kabisa, ngozi ingesafika vile vile. Tatizo ni kwamba yeye aliyahesabu maji, hakuzihesabu siku.

Sasa fikiri na mimi kidogo. Mtoto akifikishwa nyumbani, watu huja lini kumwona? Siku ya pili, ya tatu. Humsifu lini? Siku hiyo hiyo. Na madoa huja lini? Basi niambie, katika dunia hii ni nani ambaye hawezi kukamatwa? Kila palipo na kichanga patapatikana vipele na patapatikana mgeni, vimeingia pamoja kwa mlango mmoja, na mgeni ndiye anayeweza kunyooshewa kidole, kwa hiyo hunyooshewa yeye. Hasa akiwa hana mume wa kumtetea, au akiwa mtumishi, au akiwa wa dini nyingine. Uliwahi kuona beseni likipelekwa kwa tajiri? Mimi sijaona.

Na Saif je? Umemlea kwa macho hayo hayo tangu anatambaa, umemwogesha, umemlisha, bila shaka umemsifu kwa Kiluhya ambacho hakuna mtu wa kukusahihisha. Kama jicho lako lingekuwa na nguvu ya kuvuka bahari kwa kupitia kioo cha simu, huyo mtoto asingebaki na kucha. Badala yake anakimbia na kuvunja vyombo.

Tuje kwa Elphas. Hapa ndipo nilipokasirika, kwa sababu ushahidi umeuandika mwenyewe kwa mkono wako na hukuusoma. Ulisema picha ya mwisho shavu lilikuwa na wekundu na vidoadoa. Mama Pauline, hiyo picha ilipigwa lini? Ilipigwa Butere, ikatumwa, ikakaa kwenye simu yako imefungwa kwa ukungu, wewe ukiwa umegeukia ukutani. Vipele vilishaanza kabla hujabonyeza. Jicho lako lilifika likavikuta vimeketi. Ifungue tena leo utazame, na safari hii tazama kama mama, si kama mshitakiwa.

Hivyo vipele vya uso huwapata watoto wengi katika wiki za mwanzo. Homoni za mama alizotoka nazo tumboni bado zinamfanyia kazi mwilini, uso unatoa chunusi kama kijana anayebalehe, kisha inapita. Zile punje za sukari puani ni vitundu vya ngozi vilivyoziba, navyo huisha vyenyewe. Magamba ya kichwani nayo ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe yaliyoganda, wala si uchafu wala si laana, ila ni mabaya kuyatazama.

Nataka ukae kidogo unisikilize, kwa sababu jambo hili nimelifanyia kazi maisha yangu yote na bado linaninyamazisha. Ngozi ya mtoto mchanga haijawahi kuguswa na hewa. Miezi yote ile imekaa majini, gizani, na Mungu ameipaka ule utando mweupe isilowe ikaharibika, kisha kwa saa moja inatolewa kwenye baridi na mwanga na taulo na vidole vya watu. Lazima ishangae. Inabambuka ikavaa nyingine. Inatoka madoa ikayafuta. Baridi ikipita inachora mabaka kama wavu miguuni, ukimfunika wavu unayeyuka. Watoto wetu wengi weusi, na wa Kiarabu pia, huzaliwa na baka la buluu makalioni au kiunoni ambalo asiyejua huapa mtoto amepigwa, nalo hufifia polepole akiwa anakua. Ngozi ile inajifunza dunia mbele ya macho yako, na wewe umepewa ruhusa ya kuwa shahidi.

Asubuhi moja wodini kwetu baba mmoja kijana alinifuata ameshika ukuta. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Yakhti, dada yangu, mwanangu amegawanyika." Nikaenda naye. Mtoto alikuwa amelala ubavu, na nakuambia nilichokiona mwenyewe: nusu ya mwili wake iliyokuwa chini ilikuwa nyekundu kama aliyetoka hamamu, nusu ya juu nyeupe imepauka, na katikati, kuanzia paji la uso, puani, kifuani mpaka kitovuni, umepita mstari mnyoofu ambao fundi cherehani asingeweza kuupiga. Nilikuwa nimesoma kwamba jambo hilo huwatokea baadhi ya vichanga, mishipa ya damu haijazoea kazi yake, lakini kusoma si kuona. Nikamlaza chali. Sisi watatu, mimi, yule baba na muuguzi wa Kifilipino, tukasimama tunatazama ule mstari unafutika mpaka mtoto akawa rangi moja. Yule baba akauliza, "Nani amefanya hivi?" Nikamjibu, hakuna mtu. Alikaa kwenye kiti, akaanza kumsifu Mungu polepole, na muuguzi wangu akafanya ishara ya msalaba, na mimi nikasema subhanallah. Hakuna aliyetafuta beseni. Mambo mengine yapo ili tushangae tu, si ili tumtafute mwenye kosa.

Sasa nisikilize unachopaswa kufanya, na usinipunguzie hata kimoja.

Mpigie Pauline leo, usimwandikie. Mwambie simu haikuharibika, mwambie ukweli wote, beseni, shangazi na miwani, kwa sababu huyo binti amekaa wiki nzima akidhani mama yake hampendi mtoto wake, na jeraha hilo ni baya kuliko chunusi zote za Elphas. Kisha mwambie uso wa mtoto auoshe kwa maji safi ya vuguvugu na kuukausha kwa kugusa, asivikamue vipele, asipake dawa ya meno wala manukato wala mafuta mazito usoni. Kichwani apake mafuta kidogo ya mtoto, asubiri magamba yalainike, ayasugue kwa brashi laini na kuosha, asiyabandue kwa kucha. Asimfunike nguo nyingi mpaka atoke jasho.

Lakini mwambie na hili, tena mara mbili: mtoto akipata homa, akikataa kunyonya, akilegea, akitoka malengelenge au vipele vyenye usaha, kitovu kikiwa chekundu na kunuka, au ngozi na weupe wa macho vikiwa vya manjano, hiyo si hadithi ya ngozi mpya tena. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, hospitali. Asingoje kushauriana na mtu, si jirani, si wewe, si mimi.

Baba akikuuliza, mjibu: tiketi. Neno moja. Miaka miwili ukikaa unasubiri ngozi ya mtoto iwe ngumu, itakayokuwa ngumu ni nafsi yako. Na kwa Mama Kabira usigombane. Ukimsifu mtoto wa mtu yeyote, sema mashallah, au kwa dini yako sema Mungu ambariki. Hilo neno si dawa ya ngozi, ni adabu ya ulimi, linamkumbusha anayesifu kwamba kizuri hiki kina mwenyewe. Siku ya kuondoka mwombe madam ruhusa umuage Lina uso wazi. Akikubali, mwambie mtoto maneno yako yote mazuri. Akikataa, ni nyumba yake, ondoka kwa heshima.

Imebaki habari ya shangazi Rispah, ambayo imenikosesha usingizi. Yeye alikwenda kuwaona watoto wa jirani siku ambayo kila mtu huenda, akavikuta vipele vilivyokuwa njiani vinakuja, akalipia kwa maisha yake yote. Jirani yeyote angeweza kuwa yeye. Akaketi langoni na sahani yake ya kando mpaka akazikwa, hajabeba mtoto wa ndugu yake hata mmoja. Na hao watoto waliofunikwa shuka, wewe ukiwemo, vipele vyao vilitoka kama kawaida. Muulize mama yako kama yupo, atakwambia. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeokolewa kwa shangazi kukosa kumbeba. Hasara ilikuwa ya bure. Usiirithi.

Namalizia kwa jambo moja la kiukunga. Mtoto mchanga haoni mbali. Katika wiki zake za kwanza macho yake yanafika pale tu, kutoka kifuani pa anayembeba mpaka usoni pake, na uso wa mtu ndicho kitu anachokitafuta kuliko vyote. Ukifika Butere mpokee Elphas kutoka mikononi mwa Pauline, keti naye mahali penye mwanga, mvue nguo, umtazame kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu, kila doa, kila punje, na lile paji la uso la babu yake. Mtaje Mungu, usisahau safari hii. Naye atakuinulia macho akutafute. Ukiwa na ile miwani ataona vioo viwili vyeusi tu. Ivue, umwache akuone.

Wako, Bi Wahida, Jeddah.